UZI: Gharama halisi za kuishi Malta na visiwa vingine vya Mediterania kwa mgeni anayelipwa mshahara wa huko huko

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila wiki napata ujumbe kutoka nyumbani: "Nimeona kazi Malta, karibu euro elfu moja kwa mwezi, nije?" Na mtu ameshapiga hesabu. Euro moja ni karibu shilingi elfu tatu, kwa hiyo hiyo ni milioni tatu kasoro kidogo, na kiwanja cha Pongwe kimeshanunuliwa kichwani. Huwa nawajibu mmoja mmoja, nikieleza ukweli naonekana nawazibia riziki. Bora niandike hapa mara moja, atakayekuja aje anajua.

Nipo Malta tangu Oktoba 2019. Nilianza jikoni hotelini kuosha vyombo, sasa nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nimepanga Gżira, Msida, Fgura, na sasa niko Birżebbuġa kusini. Bei ninazozitaja nimezilipa mwenyewe au wamezilipa watu ninaokula nao.

Kwanza ukubwa wa mahali. Malta yote pamoja na Gozo na Comino ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inazimeza Malta tano. Humo ndani wanaishi watu zaidi ya nusu milioni, na sensa ya 2021 ilionyesha zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ni mgeni. Tangu hapo wageni wameendelea kuongezeka: Wahindi, Wafilipino, Wanepali, Wakolombia, Waitalia, Waserbia, na sisi wachache. Juu yao weka watalii. Wote hao wanatafuta pa kulala kwenye kipande hicho hicho cha ardhi.

Ndiyo maana nasema mapema: huku hutaangushwa na chakula, utaangushwa na pango. Kimalta kina maneno mengi yaliyotoka Kiarabu kama Kiswahili chetu. Dunia ni *dinja*, Ijumaa ni *il-Ġimgħa*, pesa ni *flus*, ile fulusi ya wazee wetu wa pwani. Na kodi ya nyumba inaitwa *kera*. Neno hilo nililishika siku ya kwanza na sijawahi kulisahau.

Tuanze na mshahara. Kima cha chini kwa 2025 kilikuwa euro 221.78 kwa wiki, yaani kama 961 kwa mwezi kabla ya makato. Hifadhi ya jamii inakata asilimia 10. Inabaki kama 865. Kuna posho za kisheria mara nne kwa mwaka, Machi na Septemba euro 121.16, Juni na Desemba euro 135.10. Usizihesabu kwenye matumizi ya kila mwezi, zitakusaidia siku ya kukata tiketi.

Sasa chumba. Sliema, St Julian's na Gżira ndiko kwenye kampuni za michezo ya kubahatisha ya mtandaoni na watu wenye mishahara mikubwa. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala huko ni euro 1,000 na kuendelea, na ikiwa inaona bahari usiulize. Kusini, yaani Fgura, Żabbar, Żejtun, huku kwetu Birżebbuġa, utapata kwa 700 mpaka 900. Chumba chako peke yako ndani ya nyumba ya kuchangia ni 400 mpaka 550. Kitanda, yaani mnalala wawili chumba kimoja, ni 250 mpaka 300.

Chukua ile 865. Mwenye chumba cha peke yake:

Chumba 450
Umeme na maji 45
Chakula 180
Simu na intaneti 20
Kinachobaki: 170

Hapo hujanunua viatu, hujaumwa jino, hujalipia kuhuisha kibali. Anayelala kwenye kitanda cha 280 anabakiwa na 340. Kwa hiyo tofauti ya kitanda na chumba ndiyo pesa anayopelekewa mama nyumbani. Mimi nililala kitanda miaka miwili na nusu. Mwenzangu alikuwa zamu ya usiku, mimi ya mchana, tulikuwa tukionana Jumapili. Sikulalamika, nilikuwa najengea Tanga. Lakini sikuwahi kuambiwa kabla ya kuja kwamba hiyo ndiyo hesabu.

Na kuingia kwenye nyumba ni mlima wake. Mkipata nyumba ya 800 kupitia dalali, mnalipa mwezi wa kwanza 800, amana 800, na nusu mwezi ya dalali 400 pamoja na VAT ya asilimia 18 juu yake, yaani 72. Jumla 2,072 kabla hamjanunua hata sufuria.

Nitaendelea na sheria za upangaji kwenye posti inayofuata, kuna mambo yaliniumiza kwa kutokuyajua.

#2 – Mleta uzi

Naendelea.

Tangu tarehe 1 Januari 2020 Malta ina sheria ya upangaji wa nyumba binafsi za kuishi, Sura ya 604. Ilianza mimi nikiwa na miezi mitatu hapa na sikujua kabisa ipo. Ishikeni:

Mwenye nyumba analazimika kuusajili mkataba kwenye Mamlaka ya Nyumba. Mkataba wa kawaida wa muda mrefu hauwi chini ya mwaka mmoja. Kila mwaka hawezi kuongeza kodi zaidi ya asilimia 5. Akitaka utoke muda ukiisha, lazima akupe notisi kwa barua ya rejista miezi 3 kabla, asipofanya hivyo mkataba unajihuisha kwa mwaka mwingine. Na wewe kwenye mkataba wa mwaka mmoja, baada ya miezi 6 unaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja bila kulipa miezi iliyobaki.

Mwenye nyumba wangu wa Msida aliniambia kwa mdomo nitoke ndani ya wiki tatu, kwa kuwa amepata mtu wa kulipa zaidi. Nikatoka. Nikaomba amana yangu, akasema rangi ya ukuta imeharibika. Ilikuwa ukungu wa unyevu, niliukuta nilipoingia. Euro 650 zikaenda hivyo. Mkataba wetu haukuwa umesajiliwa, na sikuwa nimepiga picha hata moja siku ya kuingia. Tangu hapo nikipokea ufunguo, kabla sijaingiza begi, napiga picha kila kona na kumtumia mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Mkataba uliosajiliwa una faida nyingine: ndio unaoambatanisha kwenye maombi ya kibali cha kazi na ukaazi pale Identità, idara yao ya vibali. Anayekuambia "tusisajili nikupunguzie 50" anakuuzia tatizo la mwakani.

Na kuanzia 2024 wameweka kikomo cha idadi ya watu kwenye nyumba moja ya kuchangia, wasizidi 10. Nia ni njema, kuna vijana walikuwa wamepangwa kama dagaa kwenye vitanda vya ghorofa. Ila matokeo yake upande wetu ni kwamba vitanda vimepungua na bei imepanda.

#3 – Mdau, Mwanza

Mkuu shukrani kwa uzi wa maana. Mdogo wangu ametumiwa mkataba wa kazi ya usafi hotelini huko huko Malta. Naomba ueleze chakula, umeme, usafiri na matibabu. Huku tumeambiwa umeme wa Ulaya unakula mshahara.

#4 – Mleta uzi

Kaka wa Mwanza, usafiri ndio habari njema. Tangu Oktoba 2022 mkazi mwenye kadi ya Tallinja iliyosajiliwa kwa jina lake anapanda basi bure, Malta na Gozo. Mgeni mwenye kadi ya ukaazi anaipata vilevile. Gharama yake ni muda: barabara zinajaa, basi likifika limejaa linakupita kituoni. Zamu ikianza saa 1 asubuhi mimi natoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri, kwa safari ambayo kwa gari ni dakika 25.

Matibabu: akiwa anakatwa hifadhi ya jamii, hospitali ya serikali ya Mater Dei na zahanati za serikali anatibiwa bure. Meno na miwani ajipange mwenyewe. Dawa nyingi za duka analipa.

Umeme. Wanaotoza ni ARMS, umeme na maji kwenye ankara moja. Bei yenyewe si mbaya kwa Ulaya, serikali imeizuia isipande tangu vita vya Ukraine. Lakini kuna viwango viwili vya nyumbani, cha mkazi na cha nyumba isiyo na mkazi aliyeandikishwa. Cha mkazi kinaanzia senti 10.47 kwa yuniti na kinategemea idadi ya watu walioandikwa kwenye akaunti. Maji nayo yana mgawo wa bei nafuu wa mita za ujazo 33 kwa kila mtu kwa mwaka. Wenye nyumba wengi hawaandikishi wapangaji, kwa hiyo nyumba ina watu wanne na kwenye karatasi haina mtu. Mnalipa kiwango cha juu miaka yote. Wengine wanafunga mita yao ndogo na kujipangia bei. Mdogo wako akifika aulize swali hili hili: "Akaunti ya ARMS imeandikwa watu wangapi?" Jibu litamwambia mengi kuhusu mwenye nyumba huyo.

Jambo ambalo hatuambiwi ni baridi. Watu wanafikiri kisiwa cha jua, waje na fulana. Nyumba za huku ni za mawe ya chokaa, zimejengwa kwa ajili ya joto, hazina mfumo wa kupasha moto. Januari nje ni nyuzi 12, ndani unaona ni chini ya hapo, na unyevu unaota ukutani, kwenye nguo, mpaka kwenye viatu vya ngozi. Kila nyumba ina mashine ya kunyonya unyevu, kila asubuhi unamwaga ndoo. Ankara yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Januari na Februari wala si ya Agosti, pamoja na viyoyozi vyote vya Agosti.

Jiko kwa wengi ni la mtungi wa gesi, gari linapita mtaani linapiga honi, unashuka na mtungi mtupu unabadilishiwa.

Maji ya bomba zaidi ya nusu ni ya bahari yaliyochujwa chumvi. Ni salama, ila ladha haijanizoea wala mimi sijaizoea. Tunanunua chupa za lita mbili sita sita. Tangu Novemba 2022 kila chupa ina rehani ya senti 10, unairudisha kwenye mashine unapewa risiti ya dukani. Usitupe chupa. Nilikuwa natupa mpaka mama mmoja mzee ninayemhudumia aliponikemea.

Chakula, ukipika mwenyewe, hakitakushinda. Vyakula vingi havitozwi VAT. Mkate wa Kimalta ni mzuri na unashibisha, pastizzi moja, kile kitafunio chao kama sambusa, na chai inakufikisha mchana kwa sarafu. Mboga nunua kwenye malori yanayoegesha pembeni mwa barabara, si duka kubwa la Sliema. Mwisho wa kiangazi samaki wa msimu ni lampuki, yule yule faulusi wa pwani yetu. Nikimpata Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, namkaanga namuungia nazi ya kopo, na siku hiyo wenzangu wa Nepali wanahamia jikoni kwangu. Cha kwetu ndicho ghali: unga wa sembe, maharage ya aina yetu, ndizi za kupika. Unga kilo moja unanunuliwa kwa bei ya kilo tatu za tambi. Nimejifunza kula tambi.

Kitu kinachopanda bila sauti ni kwamba karibu kila kitu kinakuja kwa meli. Bahari ikichafuka mwezi wa pili unaona rafu zina mapengo, na vitu kama nepi, maziwa ya watoto na sabuni ni ghali kuliko Sicilia, kisiwa cha Italia ng'ambo tu hapo. Wamalta wenyewe wanapanda feri ya Pozzallo, bandari ya Sicilia, safari ya chini ya saa 2, wanarudi na gari limejaa. Sisi wenye kadi ya ukaazi tunaruhusiwa kwenda pia, lakini tiketi inakula faida yote kama unakwenda peke yako.

#5 – Mdau, Bujumbura

Naomba nichangie kuhusu Kupro ya Kaskazini kwa sababu vijana wetu wengi wanapelekwa huko kusoma, Warundi, Wakongomani, Wakenya, Watanzania. Mimi nilisoma mji wa Gazimağusa (Famagusta) mpaka 2023.

Tangazo linakuambia ada imepunguzwa nusu na maisha ni rahisi kwa sababu wanatumia lira ya Uturuki na lira imeshuka. Nusu yake ni kweli. Chakula, basi, kunyoa nywele unalipa kwa lira. Lakini nyumba wanataka pauni za Kiingereza, na ada ni euro au dola. Kwa hiyo lira ikianguka kodi yako haishuki hata senti. Wakati huo huo bei za dukani zinapanda kila wiki. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa takwimu rasmi, na kaskazini mwa Kupro kila kitu kinatoka Uturuki. Kazi ndogo za wanafunzi zinalipwa lira. Nilikuwa naosha magari, napokea lira, nabadilisha kuwa pauni kwa ajili ya mwenye nyumba, na kila mwezi pauni zilikuwa chache kuliko mwezi uliopita kwa kazi ile ile.

Na mwenye nyumba alitaka miezi 6 mbele pamoja na amana. Mama aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya hiyo. Wazazi wanaosoma hapa, msimtume mtoto na pesa ya ada tu.

#6 – Mdau, Nairobi

Asante kaka wa Bujumbura, hiyo ya pauni ni muhimu sana. Mimi hali yangu ni tofauti, nafanya kazi ya kompyuta nyumbani, nalipwa na kampuni ya Ulaya. Nafikiria mwaka mmoja kisiwani. Malta au Mallorca, kile kisiwa cha Hispania?

#7 – Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, kwako hesabu inageuka kabisa, kwa sababu mshahara wako hautoki kisiwani. Orodha nyingi za gharama zilizopo mtandaoni zimeandikwa na watu kama wewe au wastaafu wa Kiingereza, na zinawapotosha wa kima cha chini. Zikisema "euro 2,000 zinatosha vizuri" ni kweli. Swali ni nani anazo.

Kibali cha Malta cha wanaofanya kazi kwa mbali kinataka kipato cha euro 42,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, awali ilikuwa 32,400. Kupro na Ugiriki wanataka 3,500 kwa mwezi. Ukifikia hapo, Malta utaishi vizuri, Kiingereza ni lugha rasmi na kila fomu utaielewa. Ukitaka utulivu angalia Gozo: feri dakika 25, nauli euro 4.65 unalipa wakati wa kurudi tu. Kodi ya nyumba Gozo bado iko chini kuliko Sliema, ingawa nayo imeanza kupanda baada ya watu wenye kompyuta kuigundua.

Mallorca namwachia anayeishi huko, najua yupo humu anasoma.

#8 – Mdau, Palma

Nipo, na nilitaka kukaa kimya. Mimi ni wa Mombasa, nina mwaka wa nne Mallorca, nafanya usafi wa vyumba hotelini kwa msimu.

Mshahara wa chini wa Hispania mwaka 2025 ulikuwa euro 1,184 mara 14 kwa mwaka. Ukisikia hivyo unaona ni bora kuliko Malta. Kisha utafute chumba Palma, mji mkuu wa Mallorca. Chumba, si nyumba, ni 500 mpaka 650, na ukikipata uulize kama mwenye nyumba atakubali ujiandikishe manispaa kwa anwani hiyo. Wengi wanakataa. Bila kuandikishwa huna ushahidi wa kuwepo, na bila ushahidi wa kuwepo karatasi zako hazisogei. Nimeona watu wanauziwa anwani. Dada zangu, msinunue anwani.

Kitu cha pili ni msimu. Hoteli zinafungwa baridi. Kuanzia Novemba unaishi kwa akiba na malipo ya kukosa kazi kama umetimiza siku. Na wako wenye nyumba wanaokupangisha Oktoba mpaka Mei tu, kiangazi wanataka watalii, yaani kazi inapoanza ndipo unapofukuzwa. Ibiza, kisiwa jirani, hali ni mbaya zaidi. Wafanyakazi wanalala kwenye magari na mahema. Kambi ya Can Rova ilivunjwa Julai 2024 na watu waliokuwa humo walikuwa na mikataba ya kazi mfukoni. Hata madaktari na polisi wanakataa kuhamishiwa kule. Mwezi huo huo wa Julai wenyeji wa Palma waliandamana barabarani kwa sababu hiyo hiyo, na nilikwenda nao, kwa sababu wanayoyadai ndiyo tunayoyahitaji.

Wakazi wa visiwa hivi wana punguzo la asilimia 75 la ndege kwenda bara. Ukiwa mgeni wa nje ya Ulaya hulipati mpaka upate ukaazi wa muda mrefu, yaani baada ya miaka 5, au uwe ndugu wa karibu wa raia wa Ulaya. Kila nikienda ubalozini Madrid nakaa karibu na mtu aliyelipa robo ya nauli yangu.

#9 – Mdau, Dar es Salaam

Vipi zile nyumba za euro moja Sicilia? Kweli au utapeli?

#10 – Mleta uzi

Si utapeli. Mussomeli na Sambuca ni miji halisi, imekimbiwa na vijana. Lakini nyumba ni gofu. Unaweka amana kama ya euro 5,000 na unatakiwa uikarabati ndani ya miaka 3. Na kumiliki nyumba Italia hakukupi kibali cha kuishi Italia. Maisha Sicilia ni nafuu kuliko Malta kwa kila kitu, kodi hata nusu, ila kazi ndiyo haipo, na majira ya joto ya 2024 mji wa Agrigento ulikuwa na mgao wa maji. Kwa mwenye pensheni ni pazuri. Kwa wewe na mimi, Wasicilia wenyewe wanavuka kuja Malta kutafuta kazi, wengi nimeosha nao vyombo.

Dada wa Palma, asante sana kwa kuandika. Hilo la kufukuzwa Mei sikulijua.

#11 – Mdau, Mwanza

Mkuu nimemsomea mdogo wangu uzi wote. Mkataba wake unasema mwajiri atampa malazi. Si nafuu hiyo?

#12 – Mleta uzi

Inaweza kuwa nafuu kubwa, inaweza kuwa mtego. Soma kiasi gani kinakatwa kwenye mshahara kwa ajili ya malazi, na kama umeme na maji vimo. Soma wanalala wangapi chumbani. Soma kama akiacha kazi au akiachishwa ana siku ngapi za kuondoka kwenye kitanda hicho, kwa sababu kibali kimefungwa kwa mwajiri na kitanda kimefungwa kwa mwajiri, vyote vinaweza kuondoka siku moja. Aulize pia hoteli iko mji gani. Akipangiwa kulala Buġibba na kazi iko Birżebbuġa, basi ni bure lakini atamaliza masaa matatu njiani kila siku.

Na asipande ndege akiwa na pungufu ya euro 1,500 zake, za mfukoni, zisizo mkopo. Najua ni nyingi. Mimi nilikuja na 300 na nikalala siku tisa sebuleni kwa Mganda mmoja tuliyekutana naye kwenye basi la uwanja wa ndege, Mungu amlipe.

Ufute majina na namba za pasipoti, kisha weka hapa picha ya ukurasa wa malazi na wa makato. Leo nina zamu ya usiku, nitausoma kesho asubuhi nikitoka.